Mkate wa Elizabeth na Mifupa Yake

Somo: Mathayo 25:31-46



Wakristo wengi wa Kiprotestanti wakisikia mtu akiitwa Mtakatifu fulani, husema hayo ni mambo ya Kirumi, hayatuhusu. Leo tumtazame mmoja wao, binti wa mfalme, Elizabeth wa Hungaria. Tujue aliishi namna gani, watu walimfanyia nini baada ya kufa, na sisi tushike lipi na tuache lipi.

Elizabeth alizaliwa mwaka 1207, baba yake akiwa Mfalme Andrew wa Pili. Alipokuwa na miaka minne alipelekwa Thuringia, katika Ujerumani, alelewe na wakwe zake kama ilivyokuwa desturi ya wakuu wa siku zile. Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig, mtawala wa nchi hiyo, nao wakapendana sana.

Walikaa katika ngome ya Wartburg, juu ya kilima. Chakula kilipoletwa mezani, Elizabeth aliuliza kimetoka wapi. Akisikia kwamba wakulima maskini walinyang'anywa, hakukigusa. Wajakazi wake walishuhudia baadaye kwamba siku nyingine aliondoka na njaa penye meza iliyojaa.

Mwaka 1226 njaa kuu iliingia, naye Ludwig alikuwa safarini Italia. Elizabeth akafungua maghala, akawagawia wenye njaa kila siku, akawauguza wagonjwa kwa mikono yake. Mwaka uliofuata Ludwig alifariki akiwa njiani kwenda Vita vya Msalaba. Mjane huyo wa miaka 20 akaiacha ngome, na fedha alizopewa kwa haki ya ujane akazitumia kujenga hospitali mjini Marburg. Padre Konrad, aliyemwongoza kiroho, alimtendea kwa ukali mno, hata kumpiga, hilo hatulisifu. Elizabeth alifariki Novemba 1231, akiwa na miaka 24 tu.

Sasa angalieni yaliyofuata. Kabla hata hajazikwa, watu walikata vipande vya nguo zake, nywele na kucha, wakaviweka kama vitu vitakatifu. Mwaka 1235 Papa Gregory wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu, na kanisa kubwa likaanza kujengwa penye kaburi lake. Mifupa yake ilipohamishwa mwaka 1236, Kaizari Frederick wa Pili mwenyewe alihudhuria. Mahujaji wakaja kutoka mbali wakitafuta kuponywa. Baadaye ikaongezwa hadithi kwamba mikate aliyoibeba katika vazi lake iligeuka kuwa maua ya waridi. Lakini ndugu zangu, mwenye njaa hakuhitaji waridi. Alihitaji mkate.

Miaka mia tatu hivi ikapita. Katika ngome ile ile ya Wartburg, Martin Luther alifichwa mwaka 1521, akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Na mwaka 1539 Philip wa Hesse, mtawala Mprotestanti aliyekuwa wa uzao wa Elizabeth mwenyewe, aliiondoa mifupa yake katika kanisa la Marburg ili kukomesha hija.

Je, alifanya vema? Ndugu zetu Wakatoliki hueleza kwamba hawawaabudu watakatifu, bali huwasihi wawaombee. Tuwasikilize kwa heshima. Lakini 1 Timotheo 2:5 yatufundisha kwamba mpatanishi wetu na Mungu ni mmoja, naye ni Kristo. Kwa hiyo katika zile Kanuni 39 za Kanisa letu, kanuni ya 22 yakataa kuabudu masalio na kuwaomba watakatifu. Hata hivyo, kumkumbuka mtu si kumwomba. Waebrania 13:7 yatuagiza tuwakumbuke waliotutangulia na kuiga imani yao. Kanisa la Uingereza humkumbuka Elizabeth tarehe 18 Novemba.

Tena tusisahau jambo hili: Philip huyo huyo, mwaka 1533, alizigeuza nyumba za watawa za Haina na Merxhausen kuwa hospitali za maskini. Aliondoa mifupa, lakini mkate aliuacha mezani.

Hapo ndipo tunapoulizwa sisi. Tumekataa masalio, tumekataa sanamu. Je, ghala letu liko wazi? Mvua zikikosa, nawe una magunia ya mahindi, watoto wa jirani watalala njaa? Na chakula kilicho mezani pako kimetoka wapi? Huenda kimenunuliwa kwa mshahara wa kibarua ambaye mpaka leo hujamlipa. Siku ile Bwana hatatuuliza kama tulikanusha makosa ya wengine tu. Atauliza juu ya mwenye njaa, mgonjwa na mgeni.

Tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa mtumishi wako Elizabeth. Utulinde tusimtegemee mwingine ila Mwanao, wala tusifumbe mikono mbele ya maskini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.