Ndege Ikikawia kwa Mvua: Kweli au Si Kweli?

“Hapa Tanga jua linawaka, ndege ya Pemba inakawiaje kwa hali ya hewa?”

Swali si baya, ila halina uzito. Rubani anaangalia njiani na kule aendako. Wakati wa masika, kusi likivuma, wingu zito linaweza kufunga mkondo wa Pemba huku Ngamiani, hapa Tanga, watu wameanika nguo.

“Rubani mzoefu haogopi mvua.”

Si kweli, na imani hii imeshaua. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilikuwa Douala, Kameruni, ikingoja mvua ya radi ipungue. Marubani wengine pale uwanjani waliendelea kungoja, nahodha wa ndege hiyo akaruka. Alikuwa na zaidi ya saa 8,000 za kurusha ndege. Dakika mbili hazikutimia, ndege ikaanguka kwenye mikoko, na wote 114 waliokuwemo wakafa.

Wachunguzi walieleza kwamba ndege ilianza kulalia kulia taratibu na hakuna aliyekuwa akifuatilia mita. Mbele kulikuwa giza tupu, bila taa wala upeo wa macho. Katika hali hiyo sikio la ndani halihisi mlalio wa polepole, na mwili unakuhakikishia kwamba umekaa wima. Uzoefu haumwondolei mtu sikio hilo. Kinachomwokoa ni kuziamini mita kuliko mwili wake, au kungoja chini kama wenzake walivyongoja.

“Radi ikipiga ndege, imekwisha.”

Kwa kawaida si kweli. Umeme hupita kwenye bati la nje na kutokea upande mwingine. Cha kuogopa ndani ya wingu la radi ni upepo unaoshuka kwa kishindo, kama ule ulioiangusha ndege ya Delta ilipokuwa ikitua Dallas, Marekani, Agosti 1985.

“Rubani aliyekaribia kutua kisha akapaa tena ameshindwa kazi.”

Si kweli hata kidogo. Kupaa tena ni hatua anayofunzwa na kuipangia mafuta: ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine, na akiba juu yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19. Tangu siku ile, rubani akinirudisha juu namshukuru.

“Kelele za abiria hazimfikii rubani.”

Kwenye Boeing, labda. Kwenye Caravan, ndege ndogo inayotua Tanga, abiria wa mbele anaweza kumgusa bega. Rubani anasikia habari za harusi, za msiba, na lile la “mbona wenzako wanaruka?” Yote hayo yanamfikia akiwa bado anaamua kama wingu lile linapitika.