Deni Ni la Fedha, Utu Hauwekwi Rehani



Likizo iliyopita, sisi mafrateri tuliopangiwa utume katika parokia moja ya mjini tulikutana na jambo lililotusikitisha. Mama mmoja, mweka hazina wa jumuiya yake, aliacha ghafla kuja kusali. Baadaye tulijua sababu. Alikopa kwa njia ya simu, akachelewa kulipa, na wadai wakawatumia wanajumuiya wenzake picha yake yenye neno "tapeli". Hakuwa amegusa hata senti ya jumuiya. Alishikwa na aibu tu.

Mikopo ya namna hii watu wameiita "kausha damu", na hesabu yake inaeleza kwa nini. Tuchukue mfano: unaomba shilingi 100,000 kwa siku 14, unakatwa 20,000 mapema, unapokea 80,000. Ukishindwa kulipa, unatoa 20,000 nyingine ili usogezewe muda. Ukisogeza mara nne, umeshatoa 80,000, sawa na fedha yote uliyopokea, na bado unadaiwa 100,000.

Je, mdaiwa asilipe? La hasha. Aliyekopa ametoa ahadi, na haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Lakini mdai naye anadai fedha, hadai utu wa mtu. Kumbukumbu la Torati (24:10-11) inamtaka anayekopesha asimame nje, asiingie nyumbani mwa mdaiwa kujichukulia rehani. Leo simu ya mtu ni kama nyumba yake: mna ndugu zake, picha zake na siri zake. Programu inayotaka kusoma majina yote yaliyomo inataka kuvuka kizingiti kile kile.

Sheria za nchi yetu nazo zinaweka mipaka. Mkopeshaji lazima awe na leseni. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kihalali na kwa lengo linalojulikana.

Basi wadai wakianza kupiga simu, tufanye nini?

Kwanza, tusijifiche. Kuzima simu au kubadili laini hakupunguzi deni. Tuombe mchanganuo kwa maandishi: mkopo wenyewe ni kiasi gani, riba na tozo ni kiasi gani, na kilichokwisha kulipwa ni kiasi gani.

Pili, tuahidi tunachoweza kweli. Afadhali 10,000 kila wiki inayolipwa kuliko 100,000 ya maneno. Tusikope kwingine ili kulipa huku.

Tatu, tulipe kwa namba rasmi ya kampuni, si kwa namba binafsi ya anayetupigia, na tutunze ujumbe wa kila muamala.

Nne, tusitishike. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si kosa la jinai. Anayesema polisi watakukamata kesho kwa deni peke yake anatumia hofu yako. Matusi na vitisho tuvitunze kama ushahidi, tukavipeleke Benki Kuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au polisi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii: jina letu kwa wakopeshaji. Kabla ya kutoa mkopo, benki hutazama historia ya mwombaji katika kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu. Deni dogo la simu lililosahaulika linaweza kuja kukwamisha mkopo wa pembejeo au wa ada. Kwa hiyo tuombe kuona taarifa zetu, na tukikuta kosa tulalamike kwa maandishi. Tukimaliza deni, tudai barua ya kuthibitisha hivyo. Wala tusimwazime mtu laini au namba ya NIDA akope kwa jina letu, hata akiwa ndugu.

Mwisho, ujumbe wa kumwaibisha mwenzetu ukitufikia, tusiusambaze. Anayeusambaza anamfanyia mdai kazi yake. Tumpigie mwenzetu kwanza, tumuulize anaendeleaje.

Ndivyo walivyofanya wanajumuiya wale. Mwenyekiti na kina mama wawili walikwenda kwa yule mama jioni moja, wakaketi naye na daftari, wakaandika madeni yote na kupanga lipi lianze. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani. Deni hajalimaliza, anaendelea kulipa kidogo kidogo, na daftari la jumuiya bado analishika yeye.