Kiharusi: Usiache CT scan kwa kuogopa mionzi

Mzee ameanguka, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Daktari anaagiza CT scan ya kichwa. Hapo ndipo kikao cha ndugu huanza nje ya wodi: mmoja anasema mionzi itamwongezea ugonjwa, mwingine anauliza gharama, wa tatu anataka kwanza apelekwe kwa mganga wa kienyeji.

Hofu ya mionzi si ya kijinga. CT scan ni eksirei zinazopigwa kuzunguka kichwa, kisha kompyuta inaziunganisha kuwa picha. Kipimo kimoja cha ubongo humpa mgonjwa takriban milisiveti 2. Eksirei ya kifua haizidi 0.1. Lakini binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali. Tena mionzi hiyo haibaki mwilini. Babu akitoka kwenye mashine anaweza kumpakata mjukuu.

Kiharusi kina sura mbili. Ama damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, ama mshipa umepasuka. Kwa kumtazama tu mgonjwa, hata daktari bingwa hawezi kuwa na uhakika. Aspirini humfaa wa kwanza na inaweza kumzidishia wa pili kuvuja damu, kwa hiyo usimpe nyumbani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Kwa Tabora, saa nne na nusu ni suala la barabara. Mwaka 1857 Burton na Speke, wakifuata njia ya misafara kutoka pwani, walitumia siku 134 kufika Kazeh, yaani Tabora. Leo kuna lami na reli, lakini mgonjwa wa kijiji cha ndani Sikonge au Kaliua, akipakiwa kwenye bodaboda wakati wa masika, anaweza kuzimaliza saa hizo kabla ya kuiona Kitete. Hata akichelewa, picha bado inahitajika. Kinachoniudhi ni kuchelewa kwa pili, kule kwa kikao.

Mionzi imewahi kuumiza watu, ndiyo. Mwaka 2009 hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, Marekani, iligundua kuwa mashine yake ilipangwa vibaya: wagonjwa zaidi ya 200 waliopimwa ubongo walipata mionzi takriban mara nane ya iliyokusudiwa, na baadhi walinyonyoka nywele. Hapa kwetu msimamizi wa usalama huo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kwa hiyo uliza. Kama alishapigwa picha hospitali nyingine, njoo nayo isirudiwe bila sababu. Mama mjamzito asiingie kumshikilia mgonjwa. Mtoto, na wenye selimundu nao hupata kiharusi, apimwe kwa kiwango cha umri wake.

Kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye simu ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Daktari atakuuliza hilo mapema kabisa.