Mikoko ya Ruvuma: Sheria Ipo, Mwanakijiji Apewe Chake

Maji yakipwa Msimbati, pwani ya Mtwara, mizizi ya mikoko hubaki wazi juu ya tope, imegandwa na chaza, na kaa huanza kutokeza mashimoni. Tazama matawini: mbegu ndefu za kijani zimekwisha chipua zikiwa bado zinaning'inia. Ikidondoka moja wakati huu, hujichoma topeni na kuanza kuota papo hapo.

Mti huu haukatwi bila kibali. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na inalindwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Huku Mtwara kuna ulinzi wa pili. Tangu mwaka 2000, mikoko hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, hadi mpakani na Msumbiji.

Kwa kulinganisha, nchini Uingereza halmashauri inaweza kulinda hata mti mmoja ulio uani kwa mtu, na mwenye ua akitaka kuupogoa sharti aombe ruhusa. Huko mti mara nyingi hulindwa kwa sababu unapendezesha kijiji. Mkoko wetu unalindwa ilhali ndio unaokiendesha kijiji, na hapo ndipo penye ugumu.

Kati ya aina za mikoko, mkandaa na msinzi hutoa boriti na fito za nyumba. Mlilana hutoa mataruma ya mashua. Kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali, ndiyo maana wachoma chokaa na wachemsha chumvi wamezitegemea miaka mingi. Boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni, zikaezeka nyumba za Oman na Ghuba. Marufuku nayo si ya jana: mwaka 1898 Wajerumani walikwisha kuitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi.

Lakini mti uliosimama una faida kubwa zaidi. Kamba na samaki wachanga hukulia kati ya mizizi yake, na mvuvi wa Msangamkuu huja kuwavua wakubwa baadaye. Mizizi hiyohiyo hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi. Aprili 2019 Mtwara iliwekwa katika tahadhari, kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Safari nyingine huenda kimbunga kikapiga kwetu.

Tatizo ni kwamba faida ya mti uliosimama ni ya wote, na hasara ya katazo humwangukia mmoja: yule anayetaka boriti kumi za kujengea banda. Sheria ya Misitu inaruhusu mkataba wa usimamizi wa pamoja kati ya serikali na kijiji, na Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994 inakipa kijiji nafasi katika kupanga matumizi ya eneo lake. Vifungu hivyo vitekelezwe. Kijiji kinachofanya doria kipate fungu la mapato, kipewe miche ya miti ya kujengea ipandwe mashambani, na kibali kisimlazimu mtu kwenda mjini mara tatu.

Viongozi wa Msimbati, Nalingu, Litembe na Kilambo, itisheni mikutano na kudai mikataba hiyo kwa maandishi. Askari wa misitu hawezi kulala kwenye kila hori. Mwanakijiji anaishi pale, na akipata chake, ataulinda mkoko kuliko askari yeyote.