Kutafuta Sumu Katika Nyama ya Samaki

Somo letu la leo lahusu samaki.

Jodari akiachwa juani baada ya kuvuliwa, vijidudu hufanya kazi ndani ya nyama yake na kuzalisha kitu kiitwacho histamini. Mtu akiila kwa wingi, uso humwaka moto, ngozi humwasha, kichwa humgonga, na pengine hutapika. Kumpika samaki hakuiondoi. Tena yaweza kuwamo bila harufu mbaya. Basi itajulikanaje?

Mpimaji hukata vipande mahali mbalimbali, maana histamini haienei sawasawa. Huvisaga pamoja na tindikali. Protini za nyama huganda, kama maziwa yagandavyo yakitiwa ndimu. Histamini haigandi, hubaki majini. Kisha huchuja, kama tuchujavyo tui na kuacha machicha.

Lakini maji hayo yana vitu vingi, histamini ni kidogo tu kati yao. Jaribuni hivi nyumbani: tieni tone la wino mweusi wa maji karibu na mwisho wa karatasi inyonyayo maji. Chovyeni ncha, tone lisiguse maji. Maji yatapanda, na mara nyingi wino utagawanyika rangi mbalimbali: nyingine hukimbia, nyingine hujikokota. Mrusi Mikhail Tsvet alitenga rangi za majani kwa unga wa chaki, na mwaka 1906 aliuita ufundi huo kromatografia.

Katika maabara, maji yale husukumwa ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa unga laini. Kila kitu hutoka kwa wakati wake. Histamini haina rangi, kwa hiyo hutiwa dawa ya kuifanya ing'ae. Mashine huandika mng'ao wake, nao hulinganishwa na wa histamini ya kipimo kinachojulikana.

Kanuni za vyakula za kimataifa, ziitwazo Codex, zasema isizidi miligramu 200 katika kilo 1 ya samaki, yaani gramu moja igawanywe mafungu matano, utwae fungu moja.

Angalieni: vipande vikipata joto njiani, histamini huzidi, na kipimo husema uongo. Mashine huonya tu. Haimtengenezi samaki aliyekwisha haribika. Kinga ni barafu, tangu chomboni hata jikoni.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kupika hakutoshi?
2. Tindikali yafanya kazi gani?
3. Kwenu samaki hukaa juani muda gani kabla ya kuuzwa?

Kwaherini.