Kabla ya Kujitoa, Uliza Lori Litapita Wapi

Kila malori yanapokwama Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, wazo lile lile huibuka redioni na vijiweni: tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, tubaki na yetu. Lilisikika mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana bila Tanzania, hadi Rais Jakaya Kikwete akaenda bungeni Dodoma mwezi Novemba kueleza kwamba nchi haiondoki. Likarudi 2017 baada ya vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kuteketezwa mpakani, na tena 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, na safari hiyo manung'uniko makubwa yakatokea ng'ambo ya mpaka.

Wengi wanaolitoa wazo hilo hawakumbuki kwamba Tanzania imeshawahi kujitoa katika jumuiya ya kiuchumi, na si zamani sana. Serikali ilitoa notisi mwaka 1999, na Septemba 2000 nchi ikawa nje ya COMESA, Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Hapakuwa na kura ya maoni wala maandamano. Mhitimu wa chuo kikuu wa leo huenda hata hajui kama tuliwahi kuwamo. Kwa anayefuatilia sera za biashara, kujitoa kule kuna mafunzo zaidi kuliko kelele zote za Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa kuwa kunaonyesha ni wakati gani kutoka huwa rahisi, na kwa nini.

Wakati huo COMESA ilikuwa inajiandaa kufuta ushuru wa forodha baina ya wanachama wake. Tarehe 31 Oktoba 2000 nchi 9, zikiwamo Kenya, Misri, Zambia na Malawi, ziliingia katika eneo huru la biashara. Tanzania ilitoka ikiwa imebaki chini ya miezi miwili tarehe hiyo ifike. Hofu kubwa ya serikali ilikuwa mapato. Nchi yenye uchumi mdogo hupenda ushuru wa forodha kwa sababu haina haja ya kumkimbiza mlipaji: mzigo uko bandarini, mwenyewe anautaka, basi atalipa ndipo autoe. Kodi ya mapato ni lazima umtafute mtu, ujue anafanya nini na anapata kiasi gani. Kufuta ushuru kabla hujajenga uwezo huo wa pili ni kujikata mkono. Juu ya hayo kulikuwa na gharama za michango na mikutano ya jumuiya tatu kwa mpigo, maana Tanzania ilikuwa pia katika SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inafufuliwa.

Chukua ramani sasa. Tanzania inapakana na nchi 8. Saba kati ya hizo zilikuwa COMESA na hadi leo zimo: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo, Zambia na Malawi. Ya nane, Msumbiji, ilikuwa imejitoa 1997. Kwa ramani hiyo pekee utasema nchi ilijifungia nje usiku wa mvua. Lakini soma tarehe. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Itifaki ya biashara ya SADC ilianza kutekelezwa Septemba ile ile ya kujitoa. Kwa hiyo biashara na Kenya na Uganda ilikuwa na mkataba mwingine wa kuisimamia, na biashara na Zambia, Malawi na Msumbiji vilevile. Nchi ilitoka kwa mlango mmoja ikiwa na milango mingine miwili wazi, inayoelekea kwa majirani wale wale.

Hata hivyo pengo lilikuwapo. Rwanda na Burundi hazikuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi 2007. Congo ilikuwa SADC lakini soko huru la SADC lilipozinduliwa 2008 haikujiunga nalo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliingia 2022 tu. Misri, soko kubwa kuliko yote ndani ya COMESA, haikuwa na njia mbadala hata kidogo, na baadhi ya wenye viwanda hawakuipenda hali hiyo. Bado mimi nauona uamuzi ule kuwa ulikuwa na hoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikusudia kuwa umoja wa forodha, ambao ulianza 2005, na hapo ndipo penye ufundi ambao mijadala yetu huuruka.

Katika eneo huru la biashara, wanachama hufutiana ushuru lakini kila mmoja hubaki na viwango vyake kwa bidhaa za nje, kwa mfano za China. Katika umoja wa forodha wote hutoza kiwango kimoja kwa bidhaa za nje. Unaweza kuwa katika maeneo huru matano ukipenda. Umoja wa forodha ni mmoja tu, kwa sababu kontena moja bandarini Dar es Salaam haliwezi kutozwa viwango viwili tofauti na ofisa yule yule. Kenya na Uganda zimekaa COMESA na Jumuiya kwa pamoja bila mgongano mkubwa kwa sababu umoja wa forodha wa COMESA, uliozinduliwa 2009, umebaki zaidi kwenye makaratasi. Siku ukitekelezwa kwelikweli, zitalazimika kuchagua.

Ukiwa na kipimo hicho, mfano wa Afrika Magharibi unasomeka vizuri zaidi. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa ECOWAS, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika Magharibi, tarehe 28 Januari 2024. Zilisema zinatoka papo hapo. Mkataba wa ECOWAS unataka notisi ya mwaka mmoja, na ni mwaka huo uliohesabiwa, hadi 29 Januari 2025. Chanzo hakikuwa ushuru. Baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023, ECOWAS iliiwekea nchi hiyo vikwazo, ikafunga mipaka na kutishia kutumia jeshi, na Nigeria ikakata umeme ambao Niger ilikuwa ikiutegemea. Watawala wa kijeshi wa nchi tatu wakasema jumuiya imewageuka. Unaweza kuwashutumu kwa mengi, lakini kwamba vikwazo vile vilimuumiza mwananchi wa Niamey kuliko jenerali wake, hilo ni vigumu kulikanusha.

Nchi hizo tatu hazina bahari. Mizigo yao hupita Abidjan, Dakar, Lomé na Cotonou. Mbona basi maduka hayakufungwa siku ya pili? Kwa sababu zimebaki UEMOA, umoja wa nchi 8 zinazotumia faranga ya CFA, ambao nao ni umoja wa forodha na una Côte d'Ivoire, Senegal, Togo na Benin ndani yake. Viongozi waliohutubia kuhusu ukombozi kamili hawakuugusa uanachama ule uliobeba mizigo yao. Palipobaki pasipo paa ni Nigeria na Ghana, ambazo haziko UEMOA, na huko ndiko mifugo na vitunguu vya Niger hupata wateja. ECOWAS yenyewe iliamua kuendelea kutambua pasi za kusafiria za raia wa nchi hizo na kupokea bidhaa zao kama zamani hadi itakapoamuliwa vingine. Huo ni uungwana, na uungwana si haki iliyoandikwa. Upande wao, nchi tatu zilianzisha tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zitokazo nje ya shirikisho jipya zililounda. Tozo ni ndogo, lakini dalili si ndogo.

Uingereza ilijaribu kinyume chake: ilitoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020 kabla mkataba wa biashara wa kuchukua nafasi haujaandikwa, ikaupata siku chache kabla ya kipindi cha mpito kwisha Desemba 31. Ofisi yake ya uwajibikaji wa bajeti huchukulia kwamba tija ya uchumi kwa muda mrefu itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama ingebaki. Ireland Kaskazini imebaki chini ya sehemu ya kanuni za Ulaya, kanuni ambazo London haina tena kiti cha kuzijadili.

Kiti hicho ndicho kinachosahaulika kwetu. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya. Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vichanga visimudu ushindani, na mwezi Novemba Bunge likaunga mkono kukataa huko. Mkataba wa Jumuiya nzima ukakwama. Kenya, ambayo haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni na hivyo maua yake hayakuwa na msamaha mwingine wa kuyalinda Ulaya, ilihangaika kwa miaka hadi ikasaini wake Desemba 2023. Iwe unaupenda au unauchukia msimamo wa Tanzania, ulikuwa na nguvu kwa sababu ulitolewa ndani ya chumba. Nchi iliyo nje ingeandika barua tu.

Kuna pia njia ambayo si kutoka wala kukubali kila kitu. Sukari rahisi ya COMESA ilitishia viwanda vya Kenya magharibi, na Kenya haikujitoa. Iliomba kinga inayoruhusiwa na mkataba, ikawekewa ukomo wa sukari inayoingia bila ushuru, na kuanzia 2002 ikaongezewa muda mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Waweza kusema muda ule ulichezewa, kwa kuwa viwanda havikutengenezwa ipasavyo, nami nitakubali. Lakini kosa hilo si la jumuiya.

Turudi kwenye swali lenyewe: Tanzania ikitoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la saruji au la mchele litaingia Kenya kwa mkataba gani? Kenya na Uganda haziko SADC. COMESA tulishaitoka. Mkataba wa eneo huru la utatu wa COMESA, Jumuiya na SADC ulisainiwa Sharm el-Sheikh 2015 ukaanza kutumika Julai 2024 tu, na soko huru la Afrika nzima limezipa nchi maskini miaka 10 kufuta ushuru kwenye asilimia 90 ya aina za bidhaa. Hiyo ni milango inayochongwa bado. Kwa bidhaa zetu, Kenya ingetumia viwango vya pamoja vya nje, ambavyo kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na tangu 2022 baadhi ni 35.

Mwenye kiwanda kikubwa atapata wakala wa forodha na mwanasheria. Asiyepata ni mama anayevusha viatu au dagaa kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Cheti hicho kinamtambulisha kama mfanyabiashara halali asiyedaiwa ushuru. Kikifutwa, atarudi njia za panya, na huko anayetoza hana risiti.

Na magomvi hayataondoka. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, zote za SADC, kwa kulipiza mazao yake kuzuiwa huko. Ugomvi wa mpakani hutokea penye biashara. Jumuiya hutoa mahali pa kuumalizia, ingawa wakati mwingine polepole mno.

Mkataba wa Jumuiya unaruhusu kutoka. Ibara ya 145 inataka azimio la Bunge la taifa lililoungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Madeni na wajibu uliokuwapo hauishi kwa kuondoka. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, mgawanyo wa mali ulisainiwa 1984, na wastaafu wake walikuwa bado wanadai haki zao baada ya mwaka 2000. Theluthi mbili haipatikani kwa hasira ya wiki moja, na nadhani walioandika mkataba wa Arusha, 1977 ikiwa bado kichwani mwao, walikusudia iwe hivyo.