Alenki fupi na funguo za nyota: pima nafasi kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

Lori la saruji au mpunga linaloteremka na kupanda katika bonde la Bugarama linaweza kusimamishwa na kitu kidogo kuliko kidole: bolti yenye tundu la pembe sita, iliyojificha nyuma ya bomba au chini ya chasisi, mahali ambapo ufunguo wa kawaida hauingii. Nyakabuye ni sekta ya wilaya ya Rusizi iliyo jirani na Muganza, kilipo kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Gari likiharibika huku, duka kubwa la vifaa liko Kamembe, na kwenda na kurudi ni sehemu ya siku iliyopotea, bado dereva na utingo wake wanakula na mzigo uko juu ya gari. Kwa hiyo swali la ni funguo zipi ziwe ndani ya boksi la vifaa ni swali la fedha.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Alenki ni ule ufunguo wa pembe sita uliopinda kama herufi L. Ukivuka kwenda Bukavu utasikia wakiuita kle. Ufunguo wa nyota unafanana nao kwa umbo, lakini ncha yake ina mabawa sita ya mviringo. Jina lake la kibiashara ni Torx, nao ulibuniwa Marekani na kampuni ya Camcar Textron mwaka 1967.

Mnunuzi akiona bolti iko mahali pabana hukimbilia kuomba "funguo fupi", na muuzaji humpa seti iliyo fupi kila upande. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mahali pabana pana nafasi mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni nafasi iliyo mbele ya bolti, yaani kati ya kichwa chake na chuma kinachoikabili. Ya pili ni nafasi ya pembeni, ambamo mpini wa ufunguo utazunguka.

Chukua alenki ya milimita 5, ambayo hufungua bolti ya M6 yenye kichwa cha duara kirefu. Kwa kawaida, mkono wake mfupi una karibu milimita 28 na mrefu una karibu 80. Maana yake ni kwamba mbele ya bolti unahitaji karibu sentimita tatu ili kuuingiza. Kama kuna sentimita mbili tu, haingii, hata ungekuwa na nguvu za Samsoni. Unachohitaji ni alenki yenye mkono mfupi uliofupishwa zaidi, ambao baadhi ya watengenezaji huufanya karibu nusu ya ule wa kawaida, lakini mkono mrefu ubaki mrefu vilevile.

Kwa nini mpini usifupishwe? Hesabu ni rahisi. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kama kilo 20, hiyo ni karibu nyutoni 200. Kwenye mpini wa milimita 80 anapata nyutoni mita 16. Kwenye kifunguo cha mpini wa milimita 40 anapata 8 tu. Bolti ya M6 ya daraja la 8.8 hukazwa kwa takriban nyutoni mita 10, na ikishashika kutu hudai zaidi ya hapo. Kifunguo kifupi pande zote kitaingia vizuri kabisa, kisha kitashindwa kulegeza. Fundi atatafuta kipande cha paipu cha kurefushia, tundu litaliwa, na kazi ya dakika tano itageuka kazi ya kuchomelea nati juu ya bolti au kuitoboa kwa drili.

Ikiwa tatizo ni nafasi ya pembeni, geuza ufunguo: ingiza mkono mrefu, uzungushe kwa ule mfupi, lakini baada ya bolti kuwa imeshalegea. Na kama nafasi zote mbili hazipo? Tundu la pembe sita linataka uzungushe nyuzi 60 kabla ya kuutoa ufunguo na kuushika upya, na nyota ni vivyo hivyo. Pasipo hizo nyuzi 60, tafuta racheti ndogo nyembamba ya kushika biti. Yenye meno 72 husogea kila baada ya nyuzi 5. Angalia tu kwamba biti ya kawaida ina urefu wa milimita 25, ukiongeza unene wa kichwa cha racheti unaweza kujikuta unahitaji nafasi kubwa kuliko ya alenki ya kawaida. Kuna biti fupi zaidi, ziulizie. Kifunguo kifupi pande zote ninakiweka mwisho kabisa wa orodha, kwa kushikilia skrubu ndogo zisizokazwa sana.

Wenye mashine za kukoboa mpunga na kusaga muhogo nao wamo katika habari hii, kwani mzigo wa wasafirishaji wengi hutoka kwao. Puli ya mashine mara nyingi hushikwa kwenye shafti na skrubu isiyo na kichwa, iliyozama ndani ya chuma. Ndiyo hasa kazi iliyoleta alenki duniani: mwaka 1910 William G. Allen wa Hartford, Marekani, alipewa hataza ya njia ya kutengeneza skrubu hiyo, wakati ambapo vichwa vya bolti vilivyotokeza kwenye shafti zinazozunguka vilikuwa vinanasa nguo za wafanyakazi na kuwajeruhi. Anayeona bolti ya kawaida imechomekwa kwenye puli badala ya skrubu iliyopotea na aikumbuke habari hiyo. Tena skrubu hizi hutumia ufunguo mdogo kuliko unavyodhani: M8 isiyo na kichwa inataka milimita 4, wakati bolti ya M8 yenye kichwa inataka 6. M10 inataka 5 badala ya 8. Na kwa kuwa mkanda na ukingo wa puli huziba njia, hapa mkono mfupi uliofupishwa unalipa gharama yake.

Kwenye magari, jihadhari na vizibo vya oili. Baadhi ya Toyota hufunguliwa difu kwa alenki ya milimita 10, na Volkswagen nyingi hutumia 17 kwenye giaboksi. Fungua kizibo cha kujazia kwanza, ndipo ufungue cha kumwagia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta kizibo cha juu kimeliwa, gari haliwezi kuondoka hapo lilipo. Ni jambo dogo ambalo gereji nyingi hulipuuza.

Sasa nyota. Namba zake si milimita. T25 ina upana wa milimita 4.43 kutoka bawa hadi bawa, T27 ina 4.99 na T30 ina 5.52. Tofauti kati ya moja na nyingine ni nusu milimita, kwa hiyo T25 itaingia kwenye tundu la T27, itaonekana imeshika, kisha itakula mabawa. Anza kujaribu na kubwa, ushuke. Alenki isichomekwe kwenye tundu la nyota hata kama inaingia. Kuna pia nyota yenye tundu katikati, kwa skrubu zenye kipini ambazo mtengenezaji hakutaka zifunguliwe ovyo, na kuna ile ya ncha kali 12 inayopatikana kwenye ekseli za Volkswagen na Audi. Hiyo ya ncha 12 ni aina nyingine kabisa, na muuzaji anayekuambia "zote ni nyota tu" hajui anachouza.

Alenki yenye ncha ya mpira wa duara inavutia kwa sababu huingia ikiwa imeinama, hadi karibu nyuzi 25. Inafaa kuzungushia bolti iliyolegea tayari. Kulegezea bolti iliyokaza ni kuivunja ncha, na kipande kikibaki ndani ya tundu umejiongezea kazi.

Kwa wasafirishaji wa saruji kuna adui mwingine. Vumbi la saruji huingia ndani ya tundu, likipata mvua au umande huganda. Ufunguo unakaa juujuu, unashika milimita moja tu ya ukuta, na fundi analaumu ufunguo. Chokoa kwa msumari mwembamba, piga brashi, tia tone la oili, kisha gonga ufunguo kwa nyundo ndogo mpaka usikie umefika chini. Ndipo uzungushe.

Kuhusu ubora, maandishi ya CR-V au S2 kwenye chuma hayathibitishi kitu, yeyote anaweza kuyachapa. Angalia kingo za pembe kama ni kali. Pima kwa venia kama unayo: ufunguo wa 5 ulio na 4.8 uache dukani. Kwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana. Kwenye chuma kilichoimarishwa tupa huteleza, kwenye laini inang'ata.

Wapo mafundi wanaokata mkono mfupi wa alenki kwa grenda ili kupata ufunguo wa mahali pabana. Si wazo baya, na ni nafuu kuliko kuagiza. Nunua alenki ya ziada ya 5 na ya 6, kata kidogo kidogo huku ukichovya majini, usiache chuma kibadilike kuwa buluu. Kikiwa buluu ugumu umeshapotea, nacho kitajipinda siku ya kazi.

Kwa wafanyabiashara wanaotaka kuziingiza kwa jumla: funguo hizi za mkono huwekwa katika kifungu cha 82.04 cha orodha ya ushuru, pamoja na spana. Biti za kubadilisha ziko 82.07, na seti ya rejareja iliyochanganya spana, bisibisi na koleo huenda 82.06. Andika hivyo kwenye ankara tangu mwanzo badala ya "vifaa mbalimbali", maana neno hilo ndilo linalofanya mzigo ufunguliwe. Wala usitegemee cheti cha uasili kilichorahisishwa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hicho ni kwa bidhaa zinazotokana na nchi wanachama. Funguo zilizotengenezwa China au India zinalipiwa ushuru kama kawaida, hata kama zimenunuliwa Dar es Salaam au Kampala.